Usukani Uliolalia Kushoto

Kwa miaka mitano niliendesha pikapu yangu usukani ukiwa umelalia kushoto, na sikutaka mtu aunyooshe. Mafundi wa Lodwar walinicheka. Kila nilipoingia gereji kubadilisha oili hakukosekana mmoja wa kuchungulia dirishani na kusema, "Mzee, hii stering yako inaangalia Uganda." Nilimjibu kwamba macho yangu mimi yanaangalia Kakuma, na hayo ndiyo yanayoendesha. Wengine walijitolea kuugeuza bure, kazi ya dakika kumi, na niliwakatalia kwa ukali ambao hawakustahili.

Sababu sikuwaambia. Usukani ule ulikuwa ushahidi wangu. Ulinionyesha kila siku kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, aligonga kitu na gari langu, akanificha, na nilipomuuliza akanikana machoni. Mwingine angeweka barua au picha. Mimi niliweka usukani uliopinda, na kila asubuhi nilipoushika nilijikumbusha kwamba nina haki ya kukasirika. Niseme ukweli, nilikuwa naifurahia haki hiyo.

Mimi ni dereva tangu ujana. Nimeendesha malori ya watu kutoka Kalemng'orok hadi Nadapal, enzi ambazo barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ilikuwa mashimo yaliyoshikanishwa na vipande vya lami. Hakuna aliyepita juu ya lami ile kama anapenda gari lake. Sote tulishuka pembeni, upande wa kushoto, kwenye njia ya mchanga iliyoinama kuelekea porini, na tukaenda hivyo hivyo kilomita mia na zaidi, gari limeegemea upande mmoja na abiria wakilaliana. Nilipopata pikapu yangu mwenyewe, kuukuu, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, nilimfundisha mdogo wangu kuiendesha. Alipokwisha kujua tukawa tunapokezana, wiki yangu na wiki yake, tukibeba saruji, mabati, samaki wakavu, chochote kilichotaka kufika.

Alikuwa dereva mzuri kuniliko. Wakati ule sikumwambia mtu hilo. Alikuwa na tabia ya kushuka, kulizunguka gari mara moja na kugusa kila tairi kwa kidole cha mguu kabla ya kwenda kunywa maji. Wenye magari Lodwar walimwita kwa sauti akipita, kila mmoja akitaka amwendeshee gari siku moja ya wiki yake ya mapumziko.

Kisha mtoto wa jicho akanishika macho yote mawili, nikapelekwa Eldoret kupasuliwa. Nilikaa huko karibu miezi miwili nyumbani kwa dada yetu, na mdogo wangu akabaki na gari peke yake. Katika miezi hiyo hiyo kipande kikubwa cha lami mpya kati ya Lodwar na Kakuma kilifunguliwa. Nikarudi na macho mapya, nikapokea ufunguo, nikaingia lami mpya kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa laini mpaka nikaona kama naiba kitu. Sikufika mbali. Gari lilikuwa linakwenda mbele moja kwa moja, sawasawa kabisa, na usukani ulikuwa umelala. Vile vyuma viwili vya katikati, ambavyo hukaa kama mabega ya mtu, vilikuwa vimeinama, bega la kushoto likiwa chini.

Nilishtuka mpaka nikasimamisha gari. Nilipoondoka kwenda Eldoret usukani ulikuwa sawa, na ningeapa kanisani. Dereva yeyote anajua maana ya usukani kupinda ghafla. Chini ya gari kuna fimbo za chuma zinazoyageuza magurudumu, sisi tunaziita tairodi, na ukigonga jiwe au ukiangukia shimo kubwa zinapinda. Gurudumu linaangalia pembeni, dereva analirudisha kwa mkono, na usukani unabaki umelala. Jambo linalokuja polepole ni uchakavu. Linalokuja mara moja, kuna mtu amelileta.

Nilimwita nyumbani Jumapili baada ya ibada. Mke wangu alikuwepo, shemeji zangu walikuwepo, na wenye magari wawili waliokuja kunipa pole ya macho. Ningeweza kumvuta pembeni. Nilimuuliza mbele ya wote amegonga nini.

"Sijagonga kitu, kaka."

"Gari haiongopi. Umegonga."

"Kaka, pengine ni barabara..."

Nilipiga meza, chai ikamwagika. Nilimwambia kwamba lami mpya haipindi chuma, na kwamba kama hakugonga jiwe amegonga ngamia, na kama si ngamia ni mtu, na Mungu anajua ni nani amelala huko porini kwa ajili yake. Maneno hayo niliyasema kwa sababu yalikuwa mdomoni na hasira ilikuwa imefungua mlango. Niliona uso wake ukibadilika. Akatazama mikono yake, akanyamaza, na mimi nikahesabu kunyamaza kule kuwa ndiko kukiri.

Kufikia wiki iliyofuata hakuna mwenye gari Lodwar aliyempa ufunguo. Akahamia Kakuma. Baadaye nikasikia analinda lango la bohari ya kanisa moja, kazi yake ni kufungulia magari ya wengine, na kwamba hashiki usukani tena hata akibembelezwa. Nikasema, dhamiri inamla. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja, mbele ya watu, nikijimiminia chai nyingine.

Nimepita mbele ya lango lile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sikuwahi kupiga honi.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, nilifika Kakuma na mzigo wa mabati na tairi za mbele zikiwa zimeisha kabisa. Nilinunua mbili mpya, nikaelekezwa kwa fundi mmoja sokoni ndani ya kambi ya wakimbizi. Ni mtu wa Sudan Kusini, mrefu hivi kwamba akilala chini ya gari miguu yake hubaki juani, na shingoni ana msalaba wa mbao ambao huurusha mgongoni kabla ya kuinama. Kiswahili chake alikiokota kambini, nusu kwa Wakongo na nusu kwa vijana wa Nairobi, na Kiarabu cha Juba kinajaza panapobaki. Alizunguka gari, akaingiza kichwa dirishani, akautazama usukani, akanitazama mimi.

"Ya mzee, mimi siweki tairi mpya kwa gari stering yake inalala. Itakula tairi yako, alafu utarudi hapa kunitukana."

"Weka tu. Nimeizoea."

"Ma fi. Hakuna. Kwanza naangalia."

Hapo kwa kawaida yangu ningemtukana mapema, nisingoje tairi iliwe. Lakini alikuwa ameshapiga magoti, anapitisha kiganja juu ya tairi kuukuu, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kuja nje. Akafanya ya kulia, akahamia ya kushoto, akarudi ya kulia. Akakunja uso kana kwamba nimemdanganya.

"Mzee, hii tairi imekula sawa."

"Imekula sawa namna gani?"

"Sawa. Gurudumu ikiangalia pembeni, tairi inatoka meno, kama msumeno. Ukipeleka mkono hivi iko laini, ukirudisha inakukata. Hii hapana. Weka mkono wewe."

Niliweka. Ilikuwa laini kwenda na kurudi, upara mtupu kama wangu. Huo ndio ulikuwa mshtuko wa kwanza wa siku ile, na ulikuwa mdogo kuliko yote. Miaka mitano nilikuwa natembea, kama nilivyoamini, na chuma kilichopinda. Tairi nimezinunua mimi, nimezitoa mimi, na siku hata moja sikuinama kuzigusa. Mdogo wangu alizigusa kila safari kwa kidole cha mguu.

Nilimwambia fundi hawezi kujua kwa kiganja. Hakubishana. Aliingia kibandani, akatoka na madebe manne yaliyojazwa mchanga, kila moja limesimikwa nondo, na kibunda cha uzi wa nyavu, ule mweupe mgumu ambao wafanyabiashara wa samaki huuleta kutoka Todonyang. Akasimamisha madebe mbele na nyuma ya gari, akavuta uzi upande wa kushoto na upande wa kulia, kimo cha katikati ya magurudumu, akausogeza na kuusogeza mpaka ukawa umbali mmoja toka magurudumu ya nyuma. Kazi hiyo ya uzi naijua, nimeiona Lodwar kabla mashine hazijafika. Uzi hauna jamaa, haumpendelei mtu. Akachukua rula ya shule, akapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa gurudumu, mbele yake na nyuma yake, akaandika kwa chaki kwenye boneti langu bila kuniomba ruhusa.

Namba za kushoto na za kulia zilikuwa ndugu, sawa kwa sawa. Akalala chini, miguu ikabaki juani, na kwa muda mrefu nikasikia sauti yake tu kutoka chini ya injini.

"Tairodi hii sawa. Hii sawa. Urefu moja. Hapa hakuna kitu imepinda, hakuna kitu imechomwa welding." Akagonga chuma mara moja. "Mzee, hii gari haijagonga kitu."

"Imegonga," nilisema. "Miaka mitano sasa. Mimi najua."

"Nani alikuambia?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia atazame tena, atazame vizuri, kwamba dereva wa miaka thelathini hawezi kufundishwa gari lake na mtu aliyelijua saa moja iliyopita. Alitoka chini, akapangusa mikono na kuniambia nipande. Akaniagiza niuzungushe usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha niuzungushe hadi mwisho wa kulia nikihesabu. Nikahesabu. Akaniagiza nirudi nusu kamili ya hesabu hiyo. Nikarudi. Akachungulia chini, akachungulia magurudumu.

"Sasa chini iko katikati. Tairi iko katikati, inaangalia mbele. Angalia mkono wako."

Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, na ule wa kushoto ulikuwa chini ya ule wa kulia.

"Gari yote iko sawa," alisema. "Stering peke yake ndiyo inasema uongo. Mtu alitoa hii stering, akairudisha pahali ingine. Kalas, basi."

Nilicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu asiyetaka kusikia. Hakuna aliyewahi kuutoa usukani ule, nilimwambia. Yeye akaingiza bisibisi, akabandua kifuniko cha honi, na pale katikati, palipojaa grisi iliyokauka na vumbi la miaka, akapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nati ikaonekana. Ncha ya ule mhimili ambao usukani hukalia juu yake ikaonekana, na meno yake madogo madogo kuzunguka. Na juu ya ncha ile, na tena pembeni yake kwenye usukani wenyewe, palikuwa na alama iliyochongwa kwa patasi. Mstari mmoja mrefu, na miwili mifupi inayoukata upande wa juu.

Niliitambua kabla hajamaliza kupangusa. Ni alama ya mifugo ya baba yetu. Kila ukoo kwetu una yake, ya kuchoma ubavuni mwa ngamia na ng'ombe, na hiyo ilikuwa yetu. Mifugo iliisha na ukame, alama tukabaki nayo sisi wawili. Tuliiweka kwenye jeki, kwenye sepetu, kwenye mitungi ya maji. Walio hai wanaoichonga ni mimi na mdogo wangu.

Sasa nasema jambo ambalo sijivunii. Nilifurahi. Furaha mbaya, ya kupanda kooni, na nikapiga kelele mpaka wauza mboga wa jirani wakageuka. "Ni yeye! Unaona? Aligonga, akanyoosha chini kimya kimya, akautoa usukani, na kuurudisha hajui! Hii ni alama ya kwetu!"

Fundi alinitazama kwa huruma ambayo ilinikera sana.

"Huyo ndugu yako ni mjinga?"

"Mjanja. Mjanja sana."

"Basi sikia. Hakuna mtu anafunga stering ikiwa imelala. Hata mlevi. Mtu anaangalia, anaona iko sawa, anafunga. Huyu alifunga, akaona iko sawa, akaweka mpaka alama." Akagonga ile alama kwa bisibisi. "Mimi najiuliza moja tu. Iko sawa wapi?"

Sikumwelewa. Akafunga kifuniko, akaketi upande wa abiria, magoti yakigusa dashibodi, akauliza zamani magari yalipita wapi, kabla ya lami. Nikamwambia pembeni. Akasema nimpeleke. Nyuma ya mji, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, kimebaki kipande cha barabara ile ya zamani ambacho lami mpya ilikiruka. Mbuzi hukilalia siku hizi. Njia yetu ya pembeni bado iko, imeinama vilevile kuelekea porini, na matairi ya miaka ile yote yameiacha imechimbika.

Nikashusha magurudumu ya kushoto kwenye mteremko ule kama nilivyofanya nusu ya maisha yangu. Gari likataka kwenda chini, kushoto, porini. Mikono yangu ikalirudisha kulia bila kuniuliza, kidogo tu, na ikabaki hapo hapo ikilishikilia lisiteleze. Tukaenda. Fundi aliunyooshea usukani kidole.

Usukani ulikuwa sawa. Mabega mawili, kimo kimoja. Haukuinama hata unywele.

Nilikanyaga breki katikati ya mbuzi. Nakumbuka niliutazama mkono wangu wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, kwa sababu mkono ule ulikuwa umeshakumbuka.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa gari lile, siku za mwanzo kabisa. Tulikuwa wawili, mimi na yeye, kwenye njia hiyo hiyo ya kuinama, jua la saa nane. Usukani ulikuwa umelalia kulia, kama unavyopaswa kulala mtu akishikilia gari kwenye mteremko, na mimi ulikuwa umenichosha. Nilitaka ukae sawa kama usukani wa watu. Nikasimama. Nikamwambia mdogo wangu anipe spana. Nikatoa nati, nikaung'oa usukani, nikausogeza meno mawili kushoto, nikafunga, na kwa patasi nikaweka alama ya baba ili siku nyingine nisipapase. "Sasa umekaa kama mtu," nilisema. Naye, aliyekuwa amekwisha kuelewa gari kuniliko, akauliza, "Kaka, na siku tukipata barabara nzuri?"

Nilicheka mpaka machozi. Barabara nzuri! Turkana! Nilimwambia siku hiyo ikifika nitautoa mwenyewe kwa meno yangu.

Siku ilifika nikiwa Eldoret nimefungwa bandeji machoni. Na Jumapili ile aliposema, "Kaka, pengine ni barabara," alikuwa ananikumbusha. Nikapiga meza.

"Mzee, uko sawa?" fundi aliuliza.

"Ni mimi," nilimwambia. "Niliufunga mimi. Hapa."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Tulirudi sokoni, akautoa usukani, akausogeza meno mawili kulia, akafunga, akaweka tairi mpya. Kazi ya usukani ilichukua dakika kumi kama walivyosema wale wa Lodwar. Nilisimama nikazitazama dakika hizo zote kumi.

Kutoka pale hadi bohari ya kanisa si mbali, lakini niliendesha polepole kama ninayebeba mayai. Niliogopa. Sikuogopa hivyo hata kwenye upasuaji. Usukani ulikuwa mbele yangu umenyooka, na sikuweza kuutazama.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya lango, amevaa shati la ulinzi lililompwaya, amekonda. Nyuma yake, kwenye kibanda, palikuwa na gunia dogo la unga limefungwa kamba. Alisimama alipolitambua gari. Nikashuka.

"Ejok, kaka," alinisalimu, kama tulioachana jana.

"Ejok."

Hakunitazama mimi. Alitazama tairi mpya, akaja hadi dirishani na kuchungulia ndani, na nikaona amekwisha kuona. Akashika ukingo wa dirisha.

"Wamenyoosha."

"Ndiyo."

"Walipata nini huko chini?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari habari za mgonjwa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu sokoni, mengi na mazuri, na yote yakanikimbia.

"Hawakupata kitu. Ni mimi. Niliutoa usukani pale pembeni, ukanipa spana. Ulikuwa wewe pamoja nami. Nilisahau. Nimekuonea, mdogo wangu."

Akauliza, "Tairodi?"

"Sawa."

"Na ile chuma ya mbele, upande wa kushoto?"

"Imepimwa yote. Hakuna kitu kimepinda. Haijawahi kupinda."

Akarudi kukaa kwenye jiwe. Nikadhani anatafuta tusi linalonifaa, na nilikuwa tayari kulipokea. Alipoanza kusema alisema polepole, akiutazama mchanga.

Kulikuwa na siku moja, nikiwa Eldoret, alipokuwa akirudi Lodwar na upepo ukainua vumbi mpaka boneti likapotea. Alipunguza mwendo. Upande wa kushoto akasikia kishindo. Akasimama, akashuka, akazunguka gari, hakuona kitu. Akasema ni shimo, akaenda zake, akasahau.

"Ile Jumapili nilitaka kukwambia ni stering uliyotoa," alisema. "Lakini ukasema mtu. Ukasema mtu amelala porini. Nikakumbuka ile vumbi."

"Nilikuwa na hasira tu. Nilisema tu."

"Wewe ndiye ulinifundisha gari, kaka. Ukisema imegonga, imegonga."

Alipotoka kwangu hakupanda gari kwenda Kakuma. Alitembea. Alifuata barabara kwa siku kadhaa, akiingia boma moja baada ya jingine, akiuliza kama kuna aliyeumia siku ya vumbi. Wengi walimwambia hakuna. Boma moja, mama mmoja mzee akamwambia binti yake alitoka na mbuzi siku za vumbi, mbuzi wakarudi, yeye hakurudi. Majirani walisema alivuka mpaka wa Nadapal na mwanamume, hata wanalijua jina la mwanamume huyo. Mama hakuwasadiki. Mdogo wangu hakuwasadiki vilevile. Hakumwambia yule mama kitu. Aliondoka, akatafuta kazi isiyo na usukani, na kila mwezi tangu hapo humpelekea unga kwa miguu, mama akimwombea baraka na yeye akiinamisha kichwa. Gunia lile kibandani lilikuwa la kesho.

Nilishika mlango wa gari. Miaka mitano nilijua nimemnyang'anya mdogo wangu kazi, na nililala usingizi. Sikujua kwamba nilimpa maiti aibebe, maiti ya mtu ambaye nilimtunga mimi, mezani, kati ya chai na hasira.

Lori lilifika nyuma yetu na kupiga honi lifunguliwe lango. Hakuinuka. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nishuke.

"Kwa hivyo sikugonga mtu?"

"Hukugonga mtu. Hukugonga kitu chochote."

Honi ikalia tena. Dereva alitoa kichwa nje, na watu waliokuwa wakipakua magunia ndani ya ua wakaja langoni kutazama kuna nini. Mdogo wangu hakuwageukia.

"Sema tena," aliniambia. "Sema kwa nguvu, kama ile Jumapili."

Nikasema tena.